Mashine ya Umeme ya Kushushia Chubwi: Mwongozo kwa Mkazi wa Eastlands Mwenye Chombo Ziwani

Katika mitaa ya mashariki ya jiji la Nairobi, tangu Kaloleni na Makongeni hadi Jericho, Buruburu, Umoja na Kayole, wako watu wengi ambao maskani yao ni mjini lakini sehemu ya mali yao inaelea majini: huyu ana mashua kule Mbita kwa ubia na ndugu zake, yule ni mwanachama wa chama kilichonunua chombo cha kuwachukua wageni wapendao kuvua kwa mchezo kandokando ya visiwa vya Rusinga na Mfangano, na wa tatu anafikiria kufanya vivyo hivyo Kilifi au Watamu. Watu hawa wakisikia kwamba ng'ambo iko mashine ya umeme ishushayo chambo hadi kina akitakacho mvuvi, na kukipandisha tena kwa kubonyeza kitufe, hupatwa na tamaa ya kuinunua mara moja, na jamaa aliye Marekani au Kanada huagizwa aitie katika sanduku lake ajapo likizo. Mwongozo huu umeandikwa ili tamaa hiyo ipite kwanza katika mizani. Kwa maana mashine hiyo iliundwa kwa ajili ya maji mengine na samaki wengine, na mwenye kuinunua bila ya kujua tofauti ya maji yale na haya yetu atakuwa amelipa fedha nyingi kwa pambo la ubavuni mwa mashua.

Kazi ya mashine

Kurambaza, yaani kukokota mshipi wenye chambo nyuma ya chombo kinachokwenda, ni ufundi wa kale katika pwani yetu, na upungufu wake nao ni wa kale: kadiri chombo kinavyozidi mwendo ndivyo chambo kinavyopanda, kikapita juu ya vichwa vya samaki walio chini bila ya wao kukiona. Kuongeza risasi katika mshipi ni dawa yenye taksiri, kwani samaki akisha kunasa, mvuvi hushindana na uzito wa risasi zaidi ya kushindana na samaki.

Mashine tunayoizungumza huondoa taksiri hiyo kwa kutenganisha uzito na mshipi. Ina gurudumu lililozungushiwa waya au uzi mnene, mkono unaotokeza nje ya ubavu wa chombo, roda nchani mwa mkono huo, na chubwi la kilo 4 hadi 7 mwishoni mwa waya. Karibu na chubwi pana kibanio ambacho huushika mshipi wa mvuvi. Chubwi likishuka, mshipi hushuka pamoja nalo, na kihesabu kilicho juu ya mashine huonyesha urefu wa waya uliotoka. Samaki akiuma, kibanio huuachia mshipi, na tangu hapo mvuvi na samaki wake hawana tena uzito wowote baina yao. Kazi ya mota ni moja tu, nayo ni kulipandisha chubwi upesi ili waya usije ukazongwa na mshipi wenye samaki. Mashine za mkono hufanya mambo haya yote, isipokuwa kwamba kupandisha kwake ni kwa jasho.

Je, maji yako yanaitaka?

Mashine hii, ambayo wauzaji huiita daunriga, ilipata umaarufu katika Maziwa Makuu ya Amerika ya Kaskazini baada ya mwaka wa 1966, pale jimbo la Michigan lilipomwaga samaki wachanga wa jamii ya salmoni katika mito iingiayo Ziwa Michigan. Samaki hao hupenda maji baridi. Jua la kiangazi likisha kupasha uso wa ziwa, wao hushuka chini, na mvuvi hana budi kuwafuata huko. Ndiyo sababu maelekezo yanayofuatana na mashine hizi, na mashauri ya wenyeji wa huko, husema kwamba majira ya joto yakifika, shusha zaidi.

Ziwa Victoria halifuati kanuni hiyo. Mbuta, ambaye ndugu zetu wa Tanzania humwita sangara, naye ni mgeni aliyetiwa ziwani na binadamu katika miaka ya 1950, lakini hana baridi ya kuikimbilia, kwa kuwa ziwa lililolala juu ya mstari wa ikweta lina maji ambayo juu na chini hupishana kwa digrii chache tu. Kinachopungua chini ni hewa. Tangu kiasi cha Septemba hadi Aprili au Mei maji hujipanga kwa matabaka, na tabaka la chini, maadamu halichanganyiki na lile la juu, huishiwa na oksijeni hata samaki mkubwa asiweze kudumu humo. Na pepo za kusi zivumapo kwa nguvu, Juni hadi Agosti, maji huchanganyika, hewa hufika chini, na samaki hupata njia ya kushuka. Basi mwenye kufuata kanuni ya Michigan katika miezi yetu ya joto atapeleka chambo chake mahali pasipo na samaki, na kadiri mashine yake inavyokuwa na nguvu ndivyo atakavyolifanya kosa hilo kwa haraka zaidi.

Jambo la pili ni kina chenyewe. Ziwa zima, kwa wastani, lina kina cha mita 40, na mahali penye kina kupita pote ni mita 80 hivi. Lakini Ghuba ya Winam, ambamo vyombo vingi vya Kenya huishi, ni maji ya kina kifupi, na wastani wake haufiki mita 15. Mwenye kuvua ndani ya ghuba, kuelekea Kisumu au Homa Bay, hana haja ya mota hata kidogo: mashine ya mkono yamtosha, na fedha zilizobaki azitie katika mshipi mzuri na jaketi za kuokoa maisha. Haja ya umeme huanza nje ya mlango wa ghuba, karibu na Mfangano na kuendelea, ambako utashusha mita 20 au 30 mara nyingi kwa siku. Maana kupandisha mita 30 kwa mkono ni kuzungusha mpini kati ya mara 50 na 100, na kazi hiyo huangukia wakati uleule ambapo mgeni wako amemnasa samaki, nahodha anashika usukani, na wewe una mikono miwili tu.

Kwa hiyo, kabla hujamwandikia jamaa yako barua, tia bildi. Chukua kamba yenye uzito mwishoni, itie alama kila mita moja, upime maji mnayovua kila siku, uandike daftarini mahali, mwezi na kina. Mwenye mashine ya kupima kina kwa mwangwi atafanya kazi hiyo kwa urahisi zaidi, lakini asiyekuwa nayo asijione maskini. Kama daftari lako halina kina cha kupita mita 15, umekwisha kupata jawabu lako bila ya gharama.

Mambo ya kuangalia katika kuchagua

Tuseme daftari limeshuhudia kwamba maji yako yanaitaka. Viwanda vijulikanavyo sana ni Cannon ya Marekani na Scotty ya Kanada, na vyote viwili hutengeneza mashine za mkono na za umeme. Usiulize kwanza ipi ina nguvu zaidi; uliza mambo haya matano.

La kwanza ni urefu wa mkono. Mashua nyembamba ya ziwani, yenye mota ya nje nyuma, hufaa mkono mfupi wa sentimita 60 hivi ukifungwa pembeni mwa shetri. Mkono wa mita moja na zaidi ni wa kufungwa ubavuni ili waya uwe mbali na rafadha, lakini huipa mashua ndogo mzigo wa upande mmoja, na ukigonga gati huvunjika.

La pili ni waya wenyewe. Waya wa chuma kisichoshika kutu, ambao kwa kawaida huhimili kilo 68 hivi, haukatwi na mwamba kwa urahisi, lakini ukikunjika mara moja hudhoofu pale pale, na nyuzi zake zikianza kukatika huchoma vidole. Uzi wa kusukwa huhimili zaidi, haulii ukipita majini, na ukikatika hufungwa fundo papo hapo. Adui yake ni kusuguana na mawe. Kwa ziwani nashauri uzi wa kusukwa, na kwa mwenye chombo pwani, kwenye miamba ya matumbawe, waya.

La tatu ni kishikio kinachoteleza, yaani breki ambayo ikivutwa kupita kiasi huachia waya utoke badala ya kung'ang'ania. Hili ni jambo la uhai. Chubwi likinasa chini ilhali chombo kinakwenda, mashine isiyoachia itavunja mkono wake, au itang'oa ubao ilikofungwa, au itaivuta shetri ya mashua ndogo chini ya mawimbi. Kataa mashine yoyote ambayo breki yake hairekebishiki.

La nne ni kujisimamisha yenyewe pindi chubwi lifikapo juu ya maji. Mashine isiyo na kipawa hicho hutaka jicho la mtu kila mara, na siku jicho likipotea chubwi litagonga roda na kukata waya.

La tano ni vipuri. Mikanda, brashi za mota na roda za plastiki huchakaa, na duka la kuviuza haliko karibu. Basi viagizwe pamoja na mashine, seti mbili. Ile mashine ambayo mota yake hufunguliwa kwa bisibisi ya kawaida, na ambayo fundi wa stata za magari katika karakana za Kariobangi anaweza kuisoma, ina thamani kuliko ile yenye skrini nzuri iliyofungwa kabisa.

Umeme: mahali fedha zinapopotea

Wengi hudhani kwamba mashine ya umeme hutaka betri kubwa mno. Hesabu hukanusha dhana hiyo. Mota ya namna hii hutumia umeme wa volti 12, na wakati wa kupandisha huvuta ampia 15 au 20 kwa kadiri. Mwendo wake ni kiasi cha mita 60 kwa dakika, kwa hiyo kupandisha mita 30 ni kazi ya nusu dakika. Ampia 15 kwa nusu dakika ni moja ya nane ya ampia-saa. Pandisha mara 40 kwa mashine mbili, na hujapita ampia-saa 10. Betri ya kawaida ya ampia-saa 70 itafanya kazi ya siku mbili na masalio, mradi isiwe ile ile ya kuwashia injini, kwa sababu hakuna udhalili mkubwa kama kushindwa kuwasha injini jioni, upepo ukianza, kwa kuwa umeme umeishia katika kuvua.

Tatizo liko katika njia ya umeme, yaani waya. Fundi wa majumba, aliyezoea kutandaza nyaya katika ghorofa za Umoja au Donholm, atachukua waya wa soketi wa milimita 2.5 za mraba, akijua kwamba huo hubeba ampia 20 bila ya kuungua, na katika nyumba yenye volti 240 hajakosea. Lakini katika volti 12 mambo ni mengine. Ikiwa betri iko mita 5 kutoka kwenye mashine, umeme husafiri mita 10 kwenda na kurudi, na katika waya huo ampia 20 hupoteza kama volti 1.5: sehemu ya nane ya nguvu yote huliwa njiani, mota hunguruma, hupata joto, na mwenyewe huilaumu mashine. Tumia waya wa milimita 6, kipimo kile wanachokitumia kwa shawa za maji moto, na hasara hushuka hadi volti 0.6, ama ukiweza kupata wa milimita 10, ni bora zaidi.

Jihadhari na jambo jingine: waya wa nyumba aghalabu una shina gumu la shaba, na mtikisiko wa injini hulichosha hata likakatika ndani ya ganda lake, pasionekane kitu nje. Taka waya wa nyuzi nyingi, na vichwa vyake vibanwe kwa koleo la kubania, visisokotwe kwa mkono na kufungwa utepe kamwe. Weka fyuzi karibu kabisa na ncha chanya ya betri, kwa kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji, ambacho aghalabu ni ampia 25 au 30. Fyuzi za magari zinazouzwa katika maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road zinafaa kazi hii.

Kuhusu kuchaji, yako mambo mawili. Ikiwa mota yako ya nje ni ndogo na haina kitoa umeme, paneli ya jua ya wati 100 itakurudishia ampia-saa 20 na zaidi katika siku ya jua jema, nayo inatosha. Chagua pamoja nayo kidhibiti cha chaji, usiunganishe paneli na betri moja kwa moja. Na ikiwa jamaa yako ameleta chaja kutoka Marekani, soma kibandiko chake kabla ya kuichomeka: huko nyumba hutumia volti 120, na chaja isiyoandikwa kwamba hupokea hadi 240 itatoa moshi siku ya kwanza katika soketi ya Nairobi.

Chubwi la Kamukunji

Kusafirisha chubwi kwa ndege ni kulipia uzito wa kitu ambacho mji wako unao tele. Machubwi ya ng'ambo aghalabu ni ya risasi, na mtu mwenye fikira za haraka atasema: nitakusanya mabamba ya betri kuukuu, niyayeyushe uani. Hasha, usifanye hivyo. Moshi na vumbi la risasi huingia katika damu, na wanaoumia mno ni watoto, ambao huchezea udongo wa uani na kutia vidole kinywani. Mtaa wa Owino Uhuru huko Mombasa, uliokuwa jirani na kiwanda cha kuyeyushia betri, ulipata madhara hayo hata mnamo Julai 2020 mahakama ya mazingira na ardhi ikaamuru wakazi wake walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Fedha hizo zote hazirudishi afya iliyokwisha kuharibika.

Wala risasi haina ulazima. Kitu kinapozama hupungukiwa na uzito sawa na maji kinayoyasukuma, kwa hiyo jambo la kuangalia ni uzito unaobaki chini ya maji. Kilo 5 za risasi hubaki kilo 4.6 hivi, kilo 5 za chuma hubaki 4.4, kilo 5 za zege hubaki chini ya 3, na ndiyo sababu chubwi la saruji halifai. Chuma kimeachwa nyuma kidogo tu, na ukikiongeza hadi kilo 6 utapata zaidi ya ile risasi ya kilo 5. Mafundi wa jua kali pale Kamukunji watakukatia kipande cha shafti nene ya chuma, wakichonge ncha ya mbele iwe mviringo, wakichomelee jicho la kufungia juu na bapa dogo nyuma mfano wa mkia wa samaki, ili kikivutwa kiende moja kwa moja pasipo kuzunguka. Kipake rangi ya kuzuia kutu, na utengeneze vinne kwa kila mashine, kwa kuwa viwili utavipoteza. Hawa hawa watakukatia na bamba la kutandika chini ya ubao mashine inapofungwa, kusudi bolti zishike bamba na si mbao tupu.

Jaribio la ghorofani

Huna ziwa Eastlands, lakini una ngazi za ghorofa, nazo zinatosha kukuonyesha kasoro zote za mashine kabla haijapanda basi. Mwombe ruhusa mtunza jumba, uchague saa ambapo watoto wako shuleni, umweke mtu wa kulinda chini, kisha uifunge mashine imara katika ubao mzito juu ya ngazi, uiunganishe na betri kwa waya ule ule utakaokwenda nao ziwani, na ulishushe chubwi polepole katika uwazi wa katikati ya ngazi au nyuma ya ukuta usiopitwa na watu.

Jaribu mambo manne. Pandisha chubwi na upime volti penye vituo vya mota wakati huo huo. Zikishuka chini ya 11, rekebisha waya au viungo kabla ya jambo jingine lolote. Linganisha mita za kihesabu na kamba uliyoipima mwenyewe, uandike tofauti. Mtu ashike chubwi kwa nguvu chini huku mota inapandisha, uone kama breki inateleza kama ipasavyo. Mwisho, pandisha na kushusha mara kumi mfululizo, kisha uguse mota: ikiwa moto hata mkono haukai, kuna kosa. Katika hewa chubwi ni zito kuliko majini, kwa hiyo mashine iliyofaulu ngazini ina sifa ya kwanza. Iliyobaki ni mkokoto wa maji, nao tutauona sasa.

Kuitumia majini

Fuata utaratibu, wala usiuvuruge. Chombo kiende mbele kwa mwendo wa kukokota, ambao kwa mbuta ni kilomita 4 hadi 6 kwa saa. Toa chambo kwanza, mita 10 hadi 20 nyuma ya chombo, ukitazame kama kinaogelea vyema. Kisha bana mshipi katika kibanio, achia mshipi wa fimbo uwe huru huku umeuzuia kwa kidole kimoja, na ushushe chubwi taratibu kwa breki, maana likidondoshwa ghafula chambo hujizonga na waya. Kina kikifika, funga, kaza mshipi hata fimbo ipinde upinde mzuri. Samaki akiuma na kibanio kikaachia, fimbo itanyooka mara moja, na hiyo ndiyo ishara.

Kumbuka kwamba kihesabu husema urefu wa waya uliotoka, hakisemi kina cha chubwi. Mwendo husukuma chubwi nyuma, waya ukalala. Chukua protrakta ya mtoto wa shule, ifunge penye mkono wa mashine pamoja na uzi wenye kijiwe, usome waya umelala digrii ngapi kutoka wima. Katika mita 30 za waya, digrii 20 huacha kina cha mita 28, digrii 30 huacha 26, na digrii 45 huacha 21 tu. Waya hupinda kidogo, kwa hiyo chubwi huwa chini zaidi kuliko isemavyo hesabu hii, kwa kiasi fulani; basi acha daima mita 3 kati yake na sakafu ya ziwa. Na fahamu kwamba ukizidisha mwendo mara mbili, nguvu ya maji huzidi mara nne: palipo na mwendo mkubwa, au mkondo mkali kama ule wa Mlango wa Pemba, chubwi la kilo 5 halitoshi.

Samaki anaponasa, nahodha asizime injini. Apunguze mwendo, aelekee mbele, mtu mmoja ashike fimbo na mwingine apandishe machubwi yote mawili, la upande wa samaki kwanza. Kugeuza kuwe kwa duara pana, kwani ukikata kona kali waya wa ndani hulala chini ya chombo na kuifikia rafadha. Weka koleo la kukatia waya mahali ambapo kila aliyemo chomboni anapajua.

Haki za wengine majini

Chubwi lako likipita mita 25 chini, hulioni, wala huoni linachokigusa. Nyavu za makila, yaani za kutega, za wavuvi wa Mbita na Mfangano, ambazo kwazo nyumba nzima hula, hukaa katika maji hayo hayo, zikiwa na alama ya kibuyu au chupa tu, na chubwi moja linaweza kupasua kazi ya mwezi. Kabla ya kutoka, nenda kwa viongozi wa kikundi cha usimamizi wa ufuo, BMU, uulize nyavu zimetegwa upande gani, na uwalipe wenyewe papo hapo pindi ukiharibu. Gugumaji likijaa karibu, usishushe kabisa, kwani mizizi yake huzonga waya na kibanio na kukufanya uvute kisiwa. Uvuvi wa mchezo una leseni yake chini ya sheria ya uvuvi ya 2016, basi ichukue mapema. Na kwa wenye vyombo pwani, hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizoanzishwa 1968, na ile ya Kisite, ni haramu kuvuliwa kwa chombo chochote, kiwe cha mkono au cha umeme.

Matunzo, na mpango wa matumizi

Baada ya kila safari, safisha mashine kwa maji matamu, uikaushe, uondoe chumvi au tope katika roda, ukate mita moja au mbili za mwisho za waya kila zinapoonyesha mikunjo, na upake mafuta mepesi viungo vyake. Ichomoe mashine chomboni uiweke nyumbani. Ni mali inayotamanika, na mlinzi wa ufuo hana macho ya usiku kucha.

Ikiwa fedha ulizonazo hazitoshi kila kitu kwa pamoja, zitumie kwa mpango huu: kwanza bildi na daftari, ili ujue kina, pili waya mnene, fyuzi na betri ya pili, ambavyo vitakufaa chomboni hata usipoinunua mashine, tatu machubwi ya chuma na bamba, nne mashine moja ya mkono, uitumie msimu mzima wa kusi na msimu mzima wa kaskazi, ukiandika ni mara ngapi umevuta mita 25 au zaidi. Daftari likikuonyesha kwamba mara hizo ni nyingi, agiza ya umeme, na umwambie jamaa yako mambo matano yaliyotajwa hapo juu kabla hajaingia dukani. Daftari likionyesha kinyume, ile ya mkono ikae palepale ilipo, na bakaa ya fedha mgawane wanachama.